Kimya Kibaya, Sauti Njema: Kuisoma Mashine ya CPAP kwa Sikio

Anayekabidhiwa mashine ya CPAP, inayopuliza hewa puani usiku ili koo lisijifunge, kwa mara ya kwanza huuliza mapema kama ina kelele. Muuzaji humjibu kwa namba: desibeli 26, au 27, au 30. Jibu hilo ni la kweli, na halimsaidii. Namba inaeleza sauti ina ukubwa gani, haielezi imejengwaje. Usingizi nao hauvunjwi na ukubwa wa sauti peke yake. Huvunjwa na umbo lake: pale inapoanzia, pale inapokatikia, jinsi inavyojirudia, na pale linapozuka jambo ambalo sikio halikulitarajia.

Mambo hayo ndiyo mhakiki huyatafuta katika tungo, na makala haya yanayatafuta katika chumba cha kulala. Matini ni mbili: usiku wa mtu mwenye apnea ya usingizi, yaani pumzi inayokatika mara kwa mara akiwa amelala, kabla ya kupata mashine, na usiku wa mtu huyohuyo baada ya kuipata. Dai letu ni kwamba katika usiku wa kwanza hatari imo ndani ya kimya, na katika usiku wa pili nafuu imo ndani ya sauti. Kwa hiyo anayeanza tiba hii akikimbilia kuziba kila anachokisikia, ataziba pia sauti zinazompa habari, na moja kati yake ataiziba kwa hatari yake. Kazi ya wiki za mwanzo ni kuzitenganisha sauti hizo, kila moja ijulikane inatoka wapi na inasema nini.

Fani ya kukoroma

Kukoroma kwa kawaida kuna mapigo yanayolingana. Hewa hupita kwenye njia iliyobanwa nyuma ya ulimi, kaakaa laini na kimio hutikisika, na kila pumzi iingiayo hutoa mlio unaofanana na uliotangulia. Ni takriri tupu. Anayelala pembeni huudhika, hugeuka upande wa pili, na mwishowe naye hulala.

Koromo la mwenye apnea limejengwa vingine. Huanza chini, hupanda pumzi baada ya pumzi, kila mlio ukiuzidi uliopita, kisha hukatika ghafla. Koo limejifunga. Kifua na tumbo vinaendelea kuvuta, lakini hakuna kinachoingia. Madaktari huhesabu kituo hicho kuwa apnea kikifika sekunde 10. Kwa wengi hufika 20 au 30, na kwa wengine hupita hapo. Oksijeni hushuka kwenye damu, ubongo hushtuka, mlalaji huzinduka nusu bila kujua, koo hufunguka kwa mlipuko wa pumzi, na duru huanza upya. Vituo hivyo, pamoja na vile ambavyo pumzi hupungua bila kukatika kabisa, vikiwa 5 hadi 15 kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mdogo. 15 hadi 30 ni wa wastani. Vikizidi 30 ni mkali. Kwa mwenye ugonjwa mkali, basi, duru hiyo hurudi kwa wastani kila baada ya dakika mbili, au upesi zaidi, usiku kucha.

Muundo huu ni wa taharuki. Kilele chake hakiko kwenye mlio mkubwa, kiko pale mlio unapokosekana. Mwenzi aliye macho hujikuta anahesabu, anamsukuma mgonjwa bega, anasubiri. Pana kinaya pia: mhusika mkuu ndiye pekee asiyesikia chochote. Hadhira inaona kila kitu, mwenye kisa analala. Ndiyo maana wengi hufika kliniki wakiwa wamesukumwa na waume au wake zao, wao wenyewe wakilalamikia uchovu usiokwisha, kichwa kuuma asubuhi, au kusinzia kwenye usukani.

Waliocheka na waliosikiliza

Kwa muda mrefu matini hii ilisomwa kama kichekesho. Charles Dickens, katika The Pickwick Papers, riwaya iliyotoka kwa sehemu kati ya 1836 na 1837, alimchora Joe, kijana mnene wa kazi ambaye husinzia katikati ya shughuli na kukoroma mbele ya wageni. Joe ni mhusika bapa: kila anapotokea, msomaji anajua kitakachofuata, na kicheko kinatokana na kujua huko. Mwaka 1956 Burwell na wenzake nchini Marekani walilichukua jina la riwaya hiyo wakawapa wagonjwa wanene wanaosinzia mchana na kupumua kwa udhaifu. Mgonjwa waliyemweleza alipitiwa na usingizi kwenye meza ya karata akiwa ameshika ree tatu na wafalme wawili, mkono ambao mchezaji hupaswa kuushangilia. Hata taarifa ya kitabibu, basi, ilibaki na ladha ya ucheshi, na usingizi wa mgonjwa ulielezwa zaidi kwa hewa chafu iliyolundikana kwenye damu yake kuliko kwa yale yaliyokuwa yakitokea kooni mwake usiku.

Kimya kilipata wasomaji wake mwaka 1965. Gastaut, Tassinari na Duron huko Marseille, na kwa upande wao Jung na Kuhlo huko Ujerumani, waliwalaza wagonjwa wa aina hiyo wakiwa wameunganishwa na vyombo vinavyochora pumzi na mawimbi ya ubongo kwenye karatasi. Hapo pengo likaonekana kwa macho: mstari wa pumzi unalala, kisha ubongo unazinduka, kisha pumzi inarudi. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliueleza kama ugonjwa wenye jina lake, apnea ya usingizi, unaoweza kumpata hata asiye mnene.

Mkasa huu una funzo la kiuhakiki. Ucheshi hula sauti, kimya hakichekeshi. Utanzu uliochaguliwa kumsimulia mkoromaji ndio uliomficha mgonjwa. Kwetu pia anayekoroma hutaniwa kwamba ana usingizi wa pono, kumbe mwenye apnea huenda hajaufikia usingizi mzito kwa saa nzima. Mzaha huo umewachelewesha wengi kumwona daktari.

Namba inayoficha wakati

Kabla ya CPAP, mgonjwa mwenye hali mbaya alitobolewa koo ili apumulie chini ya mahali panapojifunga. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha katika jarida la The Lancet taarifa ya wagonjwa watano waliopulizwa hewa puani kwa shinikizo lisilokoma, likatosha kuzizuia kuta za koo zisiangukiane. Hewa yenyewe ndiyo iliyogeuka nguzo. Vifaa vya mwanzo viliungwaungwa: mota ya kufyonzea vumbi iliyogeuzwa ipulize badala ya kuvuta, na barakoa iliyobandikwa usoni kwa gundi kila usiku. Sauti yake ilikuwa ya kifyonza vumbi kwa sababu ndicho chenyewe kilichokuwa kikinguruma.

Mashine za leo hukaa juu ya kimeza cha kitandani na hutangazwa kwa desibeli 26 hadi 30 hivi. Ukiiweka namba hiyo karibu na koromo, ambalo mara nyingi hupita desibeli 50, na ukakumbuka kwamba kila ongezeko la desibeli 10 sikio hulisikia kama sauti kuongezeka maradufu, nyumba imepata faida kubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele isiyokoma chumbani isizidi desibeli 30. Kwa hesabu, mashine imefaulu.

Mbona basi mgeni wa mashine halali? Jibu limo katika namna namba hiyo inavyopatikana. Mashine huwekwa mita 1 kutoka kwenye chombo cha kupimia, ikaendeshwa kwa shinikizo moja la kati, kwa kawaida sentimita 10 za maji, na sauti ikapigiwa wastani. Mgonjwa halali mita 1 kutoka kwenye sauti: pua yake ndiyo mwisho wa mpira wa hewa. Shinikizo lake si lazima liwe 10. Mashine nyingi hufanya kazi kati ya 4 na 20, na zile zinazojirekebisha zenyewe hupanda na kushuka usiku. Zaidi ya yote, wastani hufuta wakati. Mngurumo wa saa nane usiobadilika na mluzi wa nusu dakika unaozuka saa tisa ya usiku huingia kwenye hesabu moja, na ule wa pili ndio unaomwamsha mtu.

Sauti tabaka kwa tabaka

Ukilala na kusikiliza kwa makini, unachokiita kelele ya mashine hugawanyika. Ya chini kabisa ni mota. Ni mngurumo mwembamba usiopanda wala kushuka, na kwa sababu haubadiliki ndio unaozoeleka upesi. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam aliyelala chini ya pangaboi tangu utotoni anaijua tabia hii: mzunguko hausikii tena, husikia siku bawa linapolegea na kuanza kugonga. Ubongo huacha kuripoti sauti isiyoleta habari. Mota ikianza kusikika upya, basi kuna habari. Pengine mashine imewekwa juu ya meza yenye uvungu inayotikisika nayo, au imegusa ukuta. Pengine kichujio cha hewa kimejaa vumbi na mota inalazimika kuvuta kwa nguvu. Katika mji wenye vumbi kichujio huhitaji kukaguliwa mapema kuliko kitabu cha mashine kinavyosema. Kitambaa kizito kilichokunjwa chini ya mashine hupunguza mtetemo. Juu yake au mbele ya tundu la kuvutia hewa kisiwekwe kamwe, na mashine isifungiwe kwenye droo, kwani huhitaji hewa na hutoa joto. Kuisogeza mbali na kichwa kadiri mpira unavyofika husaidia pia, ingawa katika chumba chenye kuta tupu na sakafu ya vigae sauti hurudi, na nafuu huwa ndogo kuliko ile ya uwanjani.

Tabaka la pili ni mpira wenyewe. Mpira hubeba sauti ya mota hadi usoni, na hubeba pumzi ya mvaaji hadi masikioni mwake, nyingine ikipitia kwenye mifupa ya uso. Hili huwashtua wengi kuliko mota. Mtu mzima aliyepumua miaka hamsini bila kujisikia, ghafla anajisikia. Hapa ndipo wengi husema mashine inawabana pumzi, na mara nyingi si hewa iliyopungua. Ni kwamba tendo lisilo na sauti limepewa sauti. Vizibo vya masikio havifai sana kwa tabaka hili, kwa sababu huzuia sauti ya nje na kuiacha ya ndani itawale. Kinachofaa ni mazoezi ya mchana: kuvaa barakoa mashine ikiwa imewashwa, mtu akiwa ameketi anasoma au anatazama taarifa ya habari, mpaka pumzi yake mwenyewe irudi kuwa jambo la kawaida. Mpira ukipitishwa juu ya kichwa cha kitanda hautaburuzika kwenye shuka kila anapogeuka, na mkwaruzo huo wa kitambaa utakoma.

Tabaka la tatu ni mvumo wa tundu za kutolea hewa kwenye barakoa. Ndiyo sauti inayosomwa vibaya kuliko zote. Tundu hizo ni uvujaji wa makusudi: hewa aliyoitoa mgonjwa, yenye kaboni dioksidi, lazima itoke, na hutoka humo pamoja na hewa ya mashine, lita 20 hadi 50 kwa dakika kutegemea shinikizo na aina ya barakoa. Mvumo wake hupanda kidogo mtu anapotoa pumzi na kushuka anapovuta. Una mizani, na mizani hiyo ni dalili kwamba barakoa inafanya kazi. Anayeanza hudhani imetoboka. Hutafuta gundi ya karatasi, au hulaza mto juu ya tundu. Kosa hilo humrudishia mtu hewa chafu aliyoitoa. Mvumo ukizidi uvumilivu, dawa ni kubadili barakoa. Zipo zenye tundu chache kubwa zinazopuliza mkondo mmoja mkali, na zipo zenye vitundu vingi vidogo au wavu unaotawanya hewa kwa sauti laini. Mtu aombe kuzisikia zote mbili.

Tabaka la nne ni uvujaji usiokusudiwa, na huu hauna mizani. Hupiga mluzi, hutetema kama ulimi uliowekwa kati ya midomo, hupuliza jichoni, hunyamaza, hurudi. Kwa kuwa hautabiriki, ubongo hauuzoei. Wengi huujibu kwa kukaza mikanda, na mluzi huzidi. Sababu ni kwamba pambizo la silikoni limebuniwa livimbe kidogo kwa hewa na kujilaza juu ya ngozi. Likikandamizwa hukunjamana, na kila mkunjo ni mlango. Barakoa irekebishwe mtu akiwa amelala, mashine ikipuliza kwa shinikizo lake la kawaida, kwa sababu uso wa aliyeketi na uso wa aliyelala hazina umbo moja. Mafuta ya ngozi huifanya silikoni iteleze, hivyo uso na barakoa huoshwa kabla ya kulala. Ndevu hubadilisha hesabu yote, na huenda barakoa ndogo inayokaa kwenye matundu ya pua ikamfaa mwenye ndevu kuliko inayofunika pua na mdomo. Kama sauti ni ya midomo inayopigapiga, hewa inaingilia puani na kutokea mdomoni. Mara nyingi pua imeziba, na hilo ni la kumpelekea daktari.

Ipo sauti ya tano, bwabwabwa ya maji ndani ya mpira. Mashine nyingi zina kitangi cha maji kinachoinyevusha hewa ili pua isikauke. Hewa hiyo yenye joto na unyevu ikipita kwenye mpira uliopoa huangusha maji. Mgonjwa wa Arusha mwezi wa Julai ataisikia, na wa Muscat aliyelala chini ya kiyoyozi kikali ataisikia pia, ingawa nje kuna joto. Kupunguza kiwango cha unyevu, kutumia mpira wenye waya wa joto, kuupitisha mpira chini ya blanketi, au kuiweka mashine chini ya usawa wa kitanda ili maji yarudi yalikotoka, mojawapo hutosha.

Na kuna mpapatiko mdogo sana ambao wachache huusikia. Baadhi ya mashine zinazojirekebisha, zinapoona pumzi imekatika, hutuma mitikisiko midogo ya hewa, kama minne kwa sekunde, kupima kama koo limefunga au liko wazi. Mwitiko wa hewa huonyesha apnea ni ya aina gani. Kwa mhakiki, hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote: katika kituo kilekile ambacho zamani kilikuwa kimya kitupu, sasa pana swali linaloulizwa.

Mwanzo, na pumzi ya kutoka

Waliobuni mashine walijua kwamba mwanzo ndio mgumu, wakaweka mbinu ya kimuundo. Mashine inaweza kuanza kwa shinikizo la chini, mara nyingi 4, na kupanda polepole kwa dakika kadhaa hadi 45. Sauti nayo hupanda pamoja nalo. Kwa wengi mbinu hii ni mlango mwema. Kwa wengine ina dosari: shinikizo la 4 ni dogo mno, mtu huhisi hewa haitoshi, hupumua kwa nguvu, na hujisikia zaidi. Anayekosa usingizi wakati huo pia huusikia upandaji wenyewe, kwa sababu ni badiliko. Kuanzia juu kidogo au kufupisha muda huo kunaweza kumsaidia, kwa ushauri wa kliniki iliyompa kipimo chake.

Mbinu ya pili hulegeza shinikizo kila mtu anapotoa pumzi. Hupunguza ile hisia ya kupumua dhidi ya upepo, lakini humpa mota kazi ya kupanda na kushuka, na mngurumo uliokuwa tuli hupata mapigo. Mwenye sikio jepesi huenda akachagua kuipunguza. Faraja ya kifua na faraja ya sikio hapa hazivuti upande mmoja, na hakuna kitabu kinachoweza kumwamulia mtu achague ipi.

Hadhira mbili

Hadi hapa tumemsikiliza mvaaji. Yupo wa pili kitandani, na yeye anasikia tungo nyingine. Pumzi iliyomo ndani ya mpira haisikii. Mvumo wa tundu anausikia, na ukimwelekea anaupata usoni kama upepo baridi. Kuchagua barakoa inayopuliza juu au mbele, na kubadilishana upande wa kulala, hutatua ugomvi ambao desibeli hazikuuona.

Lakini jambo kubwa kwake ni kuondoka kwa taharuki. Kwa miaka alilala akisubiri pumzi ya mwenzake irudi. Sasa hakuna kituo cha kusubiri. Wengine hulala vizuri usiku uleule wa kwanza. Wengine huchukua muda, kwa sababu sikio lililozoea kulinda halijui bado kwamba zamu imekwisha; huamka kwa kukosekana kwa koromo. Anayesema mashine ya mumewe inamnyima usingizi aulizwe kwanza kama ni mashine, au ni mazoea ya ulinzi.

Kimya kingine kinahusu sehemu zetu hasa. Umeme ukikatika, mota hunyamaza. Barakoa zinazofunika pua na mdomo huwa na vali inayofunguka ili mtu avute hewa ya chumbani, na mwenye barakoa ya pua hufungua mdomo. Wengi huamka. Kimya hicho kina habari ya kweli, na ni vizuri mwenzi ajue kwamba mashine ikinyamaza usiku ndipo naye anapaswa kusikiliza.

Bei ya unyamavu

Mkasa wa Juni 2021 unastahili nafasi katika uhakiki wowote wa sauti ya mashine hizi. Kampuni ya Philips ilitangaza kuziita tena mashine zake nyingi za CPAP na za upumuaji, mamilioni kwa idadi, kwa sababu ya povu la poliuretani lililowekwa ndani kuipunguza sauti. Povu hilo lingeweza kuchakaa, likatoa chembe na gesi ambazo mgonjwa angezivuta. Joto na unyevu mwingi, na usafishaji kwa ozoni, vilitajwa kuwa vichocheo. Mashine zilizotengenezwa upya zikawekewa povu la silikoni. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilibanwa na amri ya mahakama ya Marekani iliyowekea mipaka uuzaji wake huko.

Kilichokuwa na hatari hakikuwa mota, wala hewa, wala barakoa. Kilikuwa kile kilichotiwa ndani ili watu wasisikie. Soko lilipochagua unyamavu kuwa kigezo cha ubora, unyamavu ukapata bei ambayo haikuandikwa kwenye boksi. Anayeletewa mashine ya mtumba na ndugu aliye ughaibuni aangalie toleo na namba yake kabla ya kuiwasha, hasa akiwa anaishi pwani, ambako joto na unyevu havikosi.

Jedwali lisilo na siku

Kitabu kinachokuja na mashine kwa kawaida hufungwa kwa jedwali: tatizo upande mmoja, sababu na suluhisho upande wa pili. Kelele hupewa mstari au miwili. Jedwali ni umbo zuri kwa fundi, kwa sababu fundi anakuja mara moja na kuondoka. Mgonjwa hayuko hivyo. Tatizo lake lina tarehe: mvumo unaomkera usiku wa pili huenda asiusikie usiku wa ishirini bila kubadilisha lolote, na mluzi aliouvumilia usiku wa pili utamkera vilevile usiku wa ishirini. Jedwali linayaweka yote mawili katika mstari mmoja, na hivyo humfundisha mtu ama kukarabati kisichoharibika ama kuvumilia kinachohitaji kurekebishwa.

Muda wa kujifunza kuyatofautisha hayo si mrefu. Medicare, bima ya serikali ya Marekani, hutaka mgonjwa aoneshe ndani ya miezi 3 ya mwanzo kwamba aliivaa mashine kwa saa 4 au zaidi katika asilimia 70 ya usiku wa siku 30 mfululizo. Hata pasipo na bima inayohesabu, mazoea ya wiki za mwanzo mara nyingi hutabiri ya miezi inayofuata. Mtu akiiweka mashine kabatini kwa sababu ya kelele, anarudi kwenye koo lililojifunga.

Kitabu kinachomfaa mgonjwa kingepangwa kwa umbo la sauti. Fungu la kwanza lingekuwa sauti tuli au zenye mizani: mota, na mvumo unaopanda na kushuka na pumzi, hizo zipewe muda na mazoezi ya mchana, na tundu zisizibwe. Fungu la pili lingekuwa sauti zinazozuka na kubadilika: mluzi, mtetemo wa midomo, bwabwabwa ya maji, mngurumo uliopata ukwaruzo mpya, hizo zitafutiwe sababu usiku huohuo au kesho yake. Fungu la tatu lingekuwa kimya: mashine imezimika, au koromo limerudi chini ya barakoa na kukatika tena, ishara kwamba shinikizo au barakoa havitoshi na kliniki iarifiwe. Kwa mpangilio huo mtu angekuwa na la kufanya saa nane ya usiku bila kuwasha taa na kutafuta ukurasa.

Hukumu yetu kwa mashine yenyewe ni ya heshima yenye masharti. Imetoka mbali na mota ya kufyonza vumbi, na imeondoa muundo uliokuwa ukiwaua watu taratibu huku wenzao wakicheka. Udhaifu wake uko kwenye jinsi inavyouzwa: kwa namba moja, kwenye duka lenye kelele za barabarani, mnunuzi akiwa amesimama. Kabla ya kulipa, mnunuzi adai kulala chali na ubavu kwa nusu saa akiwa amevaa barakoa atakayokwenda nayo, mashine ikiwa kwenye shinikizo aliloandikiwa, mwenzi wake akiwa chumbani humohumo. Muuzaji asiye na nafasi ya jambo hilo hajui anauza nini.